Kifuniko cha Asa Merrow

Randa ilikuwa imefika sehemu ya mabega ya kifuniko cha jeneza pale Bi Keziah Merrow alipoingia karakanani kwangu bila hodi. Theluji ilikuwa imeganda kwenye sketi yake hadi magotini. Alisimama kando ya meza ya kazi, akatazama maranda yakijiviringisha na kuanguka, kisha akasema, "Upana wake usiuguse."

"Sijaugusa," nikamjibu. "Nasawazisha uso tu."

"Watu watakushauri uupasue, uunge katikati."

"Wameshanishauri."

"Nani?"

"Shemasi Thurlow. Na mke wangu."

"Na wewe unasemaje?"

Nilisukuma randa hadi mwisho wa ubao kabla ya kumjibu, maana ukiisimamisha njiani huacha kovu. Kisha nikamwambia kuwa mimi ni seremala tu, aliyefiwa ni yeye, na ubao ni wa Asa.

"Basi uache kama ulivyo," akasema, akatoka.

Asa Merrow, mumewe, alikuwa na mabega mapana kuliko mtu yeyote wa kijiji chetu cha Harlow. Jeneza la kwetu huwa jembamba miguuni, hupanuka mabegani, kisha hupungua tena kichwani. Kwa mtu wa kawaida ubao wa inchi ishirini na mbili unatosha kifuniko. Kwa Asa haukutosha, na ndiyo maana watu walikuwa na wasiwasi, kwa sababu Harlow nzima hapakuwa na nyumba yenye ubao mpana kuliko huo. Sakafu zetu, milango yetu, meza zetu za chakula, vyote viliishia inchi ishirini na mbili.

Sababu haikuwa uhaba wa miti. Sheria ilisema msonobari wowote mweupe uliofikisha kipenyo cha inchi ishirini na nne shinani ni mali ya mfalme wa Uingereza, wa kutengenezea milingoti ya manowari zake. Naibu wa mkaguzi wa misitu alipita na kishoka, akaupiga mti mapigo matatu yanayofanya umbo la mshale unaoelekea juu, na tangu siku hiyo hukuruhusiwa kuugusa. Ulilima ukiuzunguka. Upepo ukiuangusha juu ya ng'ombe wako, ng'ombe ni hasara yako, mti ni wa mfalme. Kwa hiyo ubao mpana ndani ya nyumba ulikuwa kama kukiri wizi. Na sisi, ili tuonekane waaminifu, tulichukua mbao nzuri kutoka kwenye miti tuliyoikata wenyewe kwa jasho letu, tukazipunguza pembeni, tukatia vipande motoni. Mimi mwenyewe nimepunguza mbao hizo tangu ujana wangu. Nilidhani huo ndio utaratibu wa ufundi.

Ubao wa Asa ulitoka kwenye msonobari ulioangushwa na upepo nyuma ya banda lake mwaka aliomuoa Keziah. Haukuwa na alama. Tuliupasua pamoja katika shimo langu la kupasulia, yeye chini, mimi juu, na mbao zote tukazipunguza isipokuwa mmoja. Aliuficha chini ya nyasi za ng'ombe. "Utakuwa meza yetu siku moja," alimwambia Keziah, "au jeneza langu. Lolote litakalotangulia." Meza haikutengenezwa, kwa hofu ya mgeni atakayeiona.

Kilichotangulia kilitokea Februari ile, na kilitokea akimvutia mfalme mlingoti.

Kazi ya milingoti ndiyo iliyokuwa riziki yetu ya majira ya baridi, theluji inapokuwa ngumu na sleji, mikokoteni isiyo na magurudumu, zinateleza. Mti wa mwaka ule ulikuwa mkubwa. Ulipolala chini, ubavu wake ulinifika kiunoni. Maksai wa kijiji kizima walifungwa mbele yake jozi baada ya jozi. Hatari ya kazi hiyo ipo vilimani. Mlingoti unapovuka kilele, huning'inia hewani kabla ya kuinama, na maksai walio karibu nao huinuliwa na nira, miguu ikipapasa, wakinyongwa. Siku hiyo walioinuliwa walikuwa maksai wa Asa. Aliingia na shoka kukata kamba ya nira. Aliikata, maksai wakaanguka chini wazima, na hapo hapo mlingoti ukainama, ukateleza, ukampitia.

Silas Goudy, naibu wa mkaguzi, alikuwa nyuma ya msafara. Alikuja mbio akipaza sauti, "Umepasuka? Mlingoti umepasuka?"

Peleg, aliyekuwa ameshika jozi ya mbele, alimgeukia. "Asa ndiye aliyepasuka," akasema.

Sitaki kumhukumu Silas kwa swali lile. Huenda alikuwa hajaona. Alizaliwa hapa hapa Harlow, aliswaga maksai pamoja na Asa kwa miaka mingi kabla ya kupewa kishoka cha mfalme, na mama yake alikuwa mwanamke mwema. Lakini hata alipoona, aliuzunguka kwanza mlingoti wote, akiupapasa, ndipo akavua kofia.

Kwetu, anayekufa majira ya baridi hazikwi mpaka ardhi ilegee. Sururu inadunda juu ya udongo kama juu ya chuma. Sala husomwa nyumbani, jeneza hufungwa, kisha huwekwa bandani juu ya vigogo viwili, upande usiopata jua, na wafiwa husubiri masika, theluji inapoyeyuka. Tumezoea. Unakamua ng'ombe, unamwambia marehemu habari za asubuhi, unaendelea na kazi.

Siku ya sala nilibeba kifuniko kwa sleji nikakiegemeza ukutani, sebuleni kwa Keziah, misumari ikiwa mfukoni. Nyumba ilijaa. Wanawake walikuwa wameleta maharage na mkate wa mahindi, na wanaume walipitishiana ramu kama ilivyo desturi. Asa alikuwa ndani ya jeneza lililo wazi, shati safi, mikono kifuani. Shemasi Thurlow alikuwa amefungua Biblia. Ndipo Silas akaingia na watu wawili wa bandarini wenye bunduki.

Alivua kofia. Akatoa pole kwa sauti ya chini. Kisha macho yake yakaenda ukutani, yakabaki huko, na chumba kizima kikajua.

"Keziah," akasema, "ubao huu umetoka wapi?"

"Umetoka kwenye mti."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mti wa nani?"

"Wa Mungu, kabla hujazaliwa. Baadaye wa Asa."

Silas akauweka mkono wake juu ya ubao, akaupima kwa shubiri huku midomo ikihesabu. "Una inchi thelathini."

"Mabega ya Asa si unayajua, Silas? Ulikuwa ukijificha nyuma yake upepo ukivuma."

"Mimi na Asa tulilala chini ya blanketi moja huko msituni. Usidhani naona raha."

"Basi acha."

Akawatazama wale wawili wenye bunduki, akateremsha sauti. "Hawa wataenda kusema. Nikiacha, nitafungwa mimi."

"Ahaa. Afungwe Silas, au Asa akae wazi. Na umeshachagua."

Shemasi Thurlow akaifunga Biblia juu ya kidole chake. Alikuwa mtu wa mashauri na barua, aliyeamini kwamba mfalme ni mwema na waovu ni wale wanaomzunguka. "Ndugu Silas," akasema kwa upole, "tumalize sala. Mambo ya ubao tutamwandikia hakimu."

"Shemasi, kikishapigiliwa misumari nitakuja kukifukua? Hapo ndipo mtaniita mnyama kweli."

"Hata sasa tunaweza," akasema Peleg. "Usijinyime."

Nami nikaingilia. Nilisema msumeno wangu uko nje kwenye sleji, naweza kuupunguza ubao pale pale, ufike inchi ishirini na mbili, nami nitaziba pembeni kwa vipande. Nilidhani nasaidia. Silas akatikisa kichwa, akasema kuupunguza sasa ni kuharibu ushahidi. Keziah hakumtazama Silas. Alinitazama mimi, kwa muda, na sikupata pa kuweka mikono yangu.

Silas akachomoa kishoka mkandani. Alikilaza kifuniko juu ya kiti kando ya jeneza, akapiga pigo la kwanza, la pili, la tatu. Uso niliousawazisha siku nzima ukafanya mshale. Kibanzi kimoja kiliruka kikatua juu ya shati la Asa. Keziah akakiokota kile kibanzi, akakitia mfukoni mwa aproni. Wale wawili wakabeba kifuniko nje, na tulisikia sleji ikiondoka, kengele za farasi zikilia kama za mtu anayekwenda harusini.

"Nitatengeneza kingine leo hii," nikamwambia Keziah. "Cha vipande viwili. Hutaona kiungo."

"Hapana."

"Bi Keziah, hawezi kukaa—"

"Asa ana kifuniko chake. Kipo kwa Silas Goudy. Kikirudi, utapigilia misumari. Kisiporudi, atakaa kama alivyo, na kila mtu anayetaka kumwona mfalme wetu alivyo, aje bandani kwangu."

Tukambeba Asa mpaka bandani akiwa wazi. Keziah alimfunika kwa blanketi, na juu yake matawi mabichi ya msonobari, kwa ajili ya panya. Akafunga mlango.

Na watu walikuja. Mwanzoni ni majirani, kwa kisingizio cha kuleta kuni au kurudisha chungu. Kisha watu wa vijiji vya juu ya mto, ambao hawakumjua Asa, walisimamisha sleji zao wakaomba kumwona. Keziah hakusema mengi. Aliwafungulia mlango, akayainua matawi. Walivua kofia, wakatazama yale mabega, wakatoka. Ushuru na sheria mpya za ng'ambo tulikuwa tumezisikia kwa miaka, zikisomwa kanisani na kubishaniwa kwenye kilabu cha ramu, na kila mmoja alikuwa na maoni yake. Juu ya lile jeneza sikumsikia mtu mwenye maoni tofauti.

Shemasi aliandika kwa hakimu. Jibu lilikuja kwamba kifuniko ni ushahidi na shauri litasikilizwa kwa zamu yake. Akaandika tena, kwa adabu zaidi. Mara ya pili hakujibiwa. Aliniletea habari hiyo mwenyewe, akakaa juu ya rundo la mbao karakanani na kofia mikononi.

"Jotham, niliandika vizuri," akasema. "Nilimwita mheshimiwa kila mstari."

"Najua, Shemasi."

"Si mtu anajibu? Hata akikataa. Mtu anajibu."

Jumamosi iliyofuata nilimkuta uwanjani pa kanisa na bunduki ya babu yake, amejipanga mstari mmoja na Peleg katika mazoezi ya wanamgambo wa kijiji, akifundishwa kugeuka kushoto na kulia.

"Shemasi, kushoto ni huku unakoshikia Biblia!" Peleg alimpigia kelele. Watu wakacheka, naye akacheka, lakini aligeuka.

Maksai wa Harlow hawakufungwa tena kwa kazi ya mfalme majira yale. Ila mlingoti uliomuua Asa ulikuwa tayari umefika mtoni. Ulilala ukingoni juu ya magogo, ukisubiri barafu ivunjike ili uviringishwe majini na kuelea hadi bandarini Falmouth, ambako meli ingeuchukua.

Barafu ilivunjika Aprili. Ilivunjika vibaya, ikaondoka na gurudumu la maji la kiwanda cha kupasulia mbao pale maporomokoni. Theluji ikawa matope, na mlima wa makaburi ukaanza kuonyesha majani. Siku ambayo sururu iliingia udongoni kwa mara ya kwanza, mpanda farasi alipita akiwa hajalala, akasema askari wa mfalme wamewapiga risasi watu wa mji wa Lexington, kwamba watu wamewafukuza askari hao kwa bunduki njia nzima hadi Boston, na kwamba kila kijiji kinapeleka wanaume Cambridge, kando ya Boston, kupigana. Alikunywa maji akiwa juu ya farasi, akaendelea.

Wanaume walikimbilia kanisani. Keziah alikuja kwangu.

"Ardhi imelegea," akasema. "Twende tukachukue kifuniko."

Nyumba ya Silas ilikuwa nje kidogo ya kijiji. Tulimkuta uani akipakia mkokoteni: godoro, saa ya ukutani, sufuria. Mkewe alikuwa amekwisha kupanda, amejitanda shali, macho mbele. Silas alipomwona Keziah aliweka chini alichokishika.

"Nimekuja peke yangu na Jotham," Keziah akasema. "Wenzangu bado wanabishana kanisani. Wakimaliza watakuja na wao. Nipe kifuniko."

"Sina."

"Silas, sina siku nzima. Mume wangu anazikwa."

"Sina, Keziah, kweli sina. Kilipelekwa bandarini pamoja na mbao nyingine zilizokamatwa. Vikauzwa mnadani."

"Ushahidi unauzwa?"

"Mimi si mkubwa wao. Nilisema kisubiri shauri. Walicheka." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Kilinunuliwa mapema. Kilikuwa ubao mzuri kuliko zote, hakina fundo hata moja. Nasikia... nasikia afisa mmoja wa melini ameufanya meza."

Keziah akarudia neno lile, "Meza." Halafu akacheka, kicheko kifupi kikavu, kikamtoka mara mbili. Silas hakujua anachocheka. Mimi nilijua, na nilitamani nisingejua.

"Wanakula juu yake?" akauliza.

"Sijui. Huenda wanakula."

"Na ule mshale?"

"Jotham anajua. Ukipiga randa ya kutosha, unaondoka."

Hilo ndilo lililonifikia mimi. Nilikuwa nimemvumilia Silas tangu Februari, nikimtafutia udhuru kila nilipomfikiria: ana mkewe, ana wakubwa, ana hofu. Hata sasa sidhani alikuwa mtu mbaya kuliko wengine. Lakini nilisimama pale uani nikawaza kwamba alama ile, ambayo kwa ajili yake tulikuwa tumezunguka miti kwa plau, tumechoma mbao zetu wenyewe, tumemwacha maiti wazi majira mazima, mtu wa mfalme aliiondoa kwa randa kwa sababu ilimsumbua kuweka sahani. Nilijikuta nimekunja ngumi. Nikazificha nyuma.

"Ondoka, Silas," Keziah akamwambia. "Pita njia ya juu. Ya chini ina Peleg."

Silas akapanda mkokoteni.

Sisi tulirudi kwa njia ya mtoni, na huko ndiko tulikowakuta wanaume. Walikuwa wametoka kanisani na kuuzunguka mlingoti, bunduki mabegani, wakibishana kwa sauti kubwa. Maji yalikuwa yamepanda karibu ya magogo. Watu wachache wenye nguvu wangeweza kuusukuma ndani, au kuuzuia.

"Tuuchome!" Peleg alikuwa akisema. "Lundo la kuni hapa, lundo kule, basi."

"Msonobari mbichi hauchomeki, Peleg, utatoa moshi tu," akasema Shemasi Thurlow. "Tuuvute kupanda kijito, tuufunike matawi. Tuuhifadhi. Hatujui mambo yatakwendaje. Wiki ijayo mfalme akisikiliza, akatuma mtu mwenye akili—"

"Shemasi, we bado unasubiri barua yake?"

Watu wakaangua kicheko, na Shemasi akaona haya.

Keziah akapita katikati yao. Wakampisha. Akaweka kiganja juu ya ule mlingoti, mahali palipokuwa pamekwaruzwa na kilima.

"Kifuniko cha Asa kimekuwa meza ya afisa," akawaambia. "Wamekiuza. Nataka kingine, na nataka kitoke humu."

Maji yalikuwa yakipita kwa kelele.

"Jotham," akasema, "kitatoka?"

"Kitatoka," nikasema. "Kipande cha futi nane kinatosha, tukipasue shimoni kwangu. Kutatoka kifuniko na mbao nyingine nyingi." Nikauzunguka mti, nikaupima kwa macho, nikafika mwisho wa shina. "Nikikata hapa shinani, upana upo wa kutosha. Na mti uliobaki..." Nikasita, lakini nikamalizia, maana ndivyo ilivyokuwa. "Mti uliobaki unaweza bado kuwa mlingoti. Mfupi kidogo. Wa meli ndogo."

Nikaona baadhi ya nyuso zikipata nafuu. Shemasi alivuta pumzi. "Hiyo ni busara," akasema. "Marehemu anapata haki yake, na hatujaharibu kitu ambacho—"

"Katikati," akasema Keziah.

"Bi Keziah?"

"Kata katikati, Jotham."

"Jirani yangu," Shemasi akasema, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "mlingoti wa mfalme ukikatwa katikati si tena habari ya jeneza. Kila atakayeshika msumeno atakuwa na kosa la kunyongwa. Hatutakuwa na la kuombea radhi."

"Nani kakwambia nataka kuomba radhi?" Akautoa mkono mfukoni mwa aproni. Kile kibanzi kilikuwa kiganjani, kimekuwa cheusi kwa kushikwashikwa. "Nimeomba tangu Februari. Umeniandikia barua mbili, nakushukuru. Jotham aliomba apunguze ubao. Tumekuwa tukipunguza mbao tangu babu zetu, Shemasi. Wametuchukulia hata vile vipande vya pembeni tulivyochoma. Asa hapungui. Kata katikati."

Nilikwenda nyumbani kuuchukua msumeno mrefu wa watu wawili. Njiani nilijipa nafasi ya kufikiri kama kawaida yangu, upande huu na upande ule, nikaona nimefika nyumbani na upande wa pili haujasema kitu. Niliporudi walikuwa bado wamesimama vile vile.

Nikapima katikati kwa kamba, mara mbili, nikachora mstari kwa mkaa. Nikaweka meno ya msumeno juu ya mstari.

"Naomba mtu wa upande wa pili," nikasema.

Peleg akatazama viatu vyake. Sikumlaumu; ni rahisi kusema moto. Wote walikuwa na bunduki mikononi na wengi wao, kabla ya mwaka kwisha, waliona mambo makubwa kuliko msumeno. Lakini pale, kwa muda mrefu, hakuna aliyesogea.

Shemasi Thurlow akampa Peleg bunduki ya babu yake. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe na kofia juu yake. Akaja kushika mpini.

"Mimi si fundi," akasema. "Utaniambia."

"Usisukume, Shemasi. Vuta tu, kisha uniachie nivute."

Tukaanza. Unga wa mbao ulitoka mweupe, wenye unyevu na harufu ya utomvu. Alivuta vibaya mwanzoni, kisha akapata mwendo. Msumeno ulipozama kiganja kimoja nilimwona akitazama ule mkato, na nilijua anachowaza, maana hata mimi nilikuwa nikikiwaza: kwamba hapo sasa hakuna fundi atakayeuunga. Akavuta. Tulipochoka Peleg akashika zamu, na baada yake wengine, wakipokezana bila kuitwa. Wakagonga kabari. Jua lilikuwa limeshuka sana mti ulipolia kwa ndani, sauti nzito, nusu ya mbele ikazama kidogo juu ya gogo lake, na mwanga wa mto ukaonekana katikati.

Keziah alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya koti la Shemasi. Alikubali kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeletewa alichoagiza.

Nikapima futi nane kutoka kwenye mkato, tukaanza wa pili. Hatukufika mbali. Mikono ilikuwa imechoka, na mkaa haukuonekana tena. Kutoka mlima wa makaburi walikuja waliokuwa wakichimba. Walisema juu pamelegea lakini chini bado ni chuma, wameacha sururu shimoni na watarudi asubuhi.

"Na sisi tuache hapa," nikasema.

"Kumebaki nini?" Keziah akauliza.

"Mkato huu. Kisha kukivuta hadi shimoni, kukipasua, halafu randa. Tukianza mapema, kufika jioni utakuwa nacho."

Shemasi alikuwa akivaa koti. Vidole vilimsumbua kwenye vifungo. "Kesho alfajiri tunaondoka kwenda Cambridge," akasema. "Nimewapa neno. Sitaweza, Jotham. Wala hawa."

Nikatazama wanaume wote waliokuwa pale. Wote walikuwa na bunduki.

"Upasuaji unataka watu wawili," nikasema. "Mmoja juu, mmoja shimoni."

"Nitakaa mimi shimoni," akasema Keziah.

"Unga wa mbao unaingia machoni. Na mdomoni."

"Asa alikuwa akikaa huko, si ndiyo? Alirudi nyumbani mweupe kama mwokaji. Nitafunga kitambaa."

Nilichukua kipande cha mafuta ya nguruwe nilichobeba kwa ajili ya msumeno, nikaupaka pande zote ili umande usiutie kutu. Sikuuchomoa. Niliuacha ndani ya mkato, nikaufunika kwa koti langu. Peleg alisema atalala pale na bunduki mpaka wakati wa kuondoka. Mimi na Keziah tukapanda kwenda kijijini, yeye mbele, akiwa bado na kibanzi mkononi. Kwenye njia panda alisimama.

"Utakuja saa ngapi?"

"Kukipambazuka."

"Nitakuwa nimeshakamua," akasema, akaenda bandani kwanza.